Kula kwa Kupapasa: Fisi Maji wa Mtoni, Nguva wa Baharini na Udongo wa Kalimoni

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa Kalimoni, eneo la Juja. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wananchi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Kila mtu aliyewahi kuchagua maharagwe stima zikiwa zimepotea anaijua tayari nusu ya mada ya leo. Mkono unaingia ndani ya ungo, vidole vinapita kati ya punje, kisha kidole kimoja kinasimama ghafla: hapa kuna jiwe. Jicho halijaona lolote. Ni ngozi iliyotambua kwamba kipande hiki ni baridi na kigumu kuliko punje nyingine, tena kina kona.

Kwa binadamu hiyo ni kazi ya dakika chache, mpaka taa ziwake. Kwa baadhi ya wanyama wa majini, ndiyo njia ya kutafuta chakula kila siku ya maisha yao. Wanakula kwa kupapasa. Mada hii inawahusu wanyama hao, kuanzia mito ya hapa Kiambu hadi Bahari Hindi. Inahusu pia udongo wa mashamba ya Kalimoni, kwa sababu safari ya udongo huo huishia mahali ambapo wanyama hao hutafuta riziki.

Mkono wa fisi maji

Fisi maji ni mnyama ambaye watu wengi wanaoishi kando ya mito wamemsikia kuliko kumwona. Licha ya jina lake, si wa jamii ya fisi. Ni ndugu wa nyegere na kicheche. Anayeishi katika mito ya nyanda za juu za Kenya ni yule asiye na makucha: mnyama wa rangi ya kahawia, mwenye mashavu na koo jeupe, mkia mnene, na uzani wa kati ya kilo 10 na 20 hivi. Hutembea zaidi alfajiri na jioni. Mara nyingi kinachomtambulisha ni kinyesi alichoacha juu ya mwamba, kilichojaa vipande vya magamba ya kaa.

Kaa wa mtoni ndio chakula chake kikuu, naye huwatafuta kwa mikono. Vidole vyake vya mbele havina makucha ya kukwaruza wala utando wa kuogelea. Ni virefu na laini, vimeachana kama vya mtoto, na ngozi yake husikia upesi. Akiwa kwenye maji ya kina kifupi, hutembea taratibu akipapasa chini ya mawe na ndani ya tope, huku kichwa chake kikiwa juu ya maji kikitazama upande mwingine kabisa. Kidole kikigusa gamba la kaa, mkono unashika. Kazi inayobaki ni ya magego yake mapana, ambayo huliponda gamba lile kama karanga.

Nchini Kenya kuna fisi maji wa aina nyingine, mwenye madoadoa shingoni, anayejulikana sana Ziwa Victoria. Huyo hufukuza samaki kwa macho, kwa hivyo huhitaji maji maangavu. Maji yakichafuka kwa tope, yeye ndiye wa kwanza kupata shida. Asiye na makucha huweza kuvumilia maji ya kahawia kwa sababu hategemei macho. Hata hivyo uvumilivu huo una mpaka. Tope likizidi hadi kufunika mawe, kaa hukosa mahali pa kujificha na kuzaana, na mkono uliozoea kupapasa hukuta matope matupu. Aina zote mbili zimewekwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, katika kundi la wanyama wanaokaribia kuwa hatarini.

Hapa ni vyema kusema jambo ambalo wafugaji wa samaki wanalijua. Tangu mpango wa kitaifa wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009 ulipoeneza mabwawa ya samaki mashambani, fisi maji amepata meza iliyoandaliwa. Mfugaji aliyeamka na kukuta vichwa vya kambale kando ya bwawa ana haki ya kukasirika. Dawa yake ni ua wa waya wenye matundu madogo, uliozikwa kidogo ardhini ili mnyama asipite chini. Sumu na mitego si dawa. Fisi maji analindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na sumu iliyomwagwa mtoni haichagui kati ya fisi maji, ng'ombe na mtoto aliyetumwa maji.

Kwa nini kugusa, si kuona?

Kusini mwa Afrika, fisi maji huyu asiye na makucha hushuka hadi pwani na kuwinda baharini, mradi kuwe na maji baridi karibu ya kunywa na ya kuoshea chumvi manyoya yake. Mbinu ile ile ya mtoni humfaa baharini. Huko baharini wapo mamalia wengine wengi waliofikia ufumbuzi huo huo.

Sababu haihitaji darasa refu. Mwanga hufifia upesi ndani ya maji, na penye tope hufifia upesi zaidi. Usiku ukiingia, jicho halina kazi kubwa. Pua nayo ina kikwazo: mamalia anapozama hufunga pua ili asivute maji. Kwa hiyo milango miwili ya fahamu ambayo wanyama wengi wa nchi kavu huitegemea, kuona na kunusa, hudhoofika. Pomboo ametatua tatizo hilo kwa sauti: hutoa milio na kusikiliza mwangwi wake. Wengine wamelitatua kwa kugusa.

Chombo kinachotumika zaidi ni sharubu. Mtazame paka wa nyumbani anapopita mahali pembamba gizani. Sharubu zake si nywele za kawaida. Shina la kila sharubu limekaa ndani ya kifuko chenye damu, kilichozungukwa na mishipa ya fahamu. Sharubu ikipinda hata kidogo, damu na mishipa ile husikia, na ubongo hupata habari. Kwa sili, ambaye ni mnyama wa baharini anayekula samaki, sharubu moja huweza kuhudumiwa na nyuzi za fahamu zaidi ya 1,000.

Mwaka 2001 watafiti nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na sili aliyeitwa Henry. Walimfunika macho, wakamziba masikio kwa vipokea sauti, kisha wakaachia manowari ndogo ya kuchezea ikate maji bwawani. Injini ilipozimwa, walimwachilia Henry. Alipofika mahali manowari ilipopita, alielekeza sharubu zake mbele na kuifuata njia ile hadi mwisho, pamoja na mahali ilipokata kona. Alichokuwa akifuata ni msukosuko mdogo wa maji uliobaki nyuma ya manowari, kama samaki anavyouacha anapoogelea. Watafiti walipomfunika sharubu, hakuweza tena.

Walrasi wa bahari baridi za kaskazini ana mamia ya sharubu nene, ambazo huzipitisha juu ya tope la sakafu ya bahari akitambua chaza waliojificha. Fisi maji wa baharini, anayeishi katika Bahari ya Pasifiki, hutumia mikono kama ndugu yake wa mto wa hapa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walionyesha kwamba mnyama huyo hutofautisha kwa kiganja mistari iliyopishana kwa sehemu ndogo ya milimita, tena huamua haraka kuliko binadamu waliopewa kazi hiyo hiyo. Hata nyangumi wa nundu, anayepita pwani ya Kenya kila mwaka kati ya Julai na Oktoba, ana unywele mmoja katika kila nundu ya kichwani.

Nguva na nyasi zake

Kati ya wote, anayewahusu Wakenya kwa karibu ni nguva. Katika ngano za pwani hutajwa kama mwanamke mwenye mkia wa samaki. Nguva wa kweli ni mamalia mpole, mwenye urefu wa karibu mita 3 na uzani unaoweza kupita kilo 400. Ndugu zake wa karibu wa nchi kavu ni ndovu, na yule pimbi mdogo wa maweni. Hawinda chochote. Anakula nyasi za baharini, ambazo ni mimea ya kweli yenye mizizi, majani na maua, inayoota kwenye mchanga wa maji ya kina kifupi. Ni tofauti na mwani, usio na mizizi ya kweli.

Macho ya nguva ni madogo na hayaoni vizuri. Badala yake amepewa pua pana iliyoelekea chini, yenye umbo la kwato ya farasi, iliyojaa nywele fupi ngumu kama za burashi. Akishuka chini, huibana pua hiyo mchangani na kuisogeza mbele. Nywele zile humwambia ni wapi nyasi ni laini na wapi kuna mawe. Nywele hizo hizo huzishika nyasi na kuzivuta mdomoni, pamoja na mizizi yake. Ni kama mtu ambaye vidole vyake vimeota mdomoni. Nyuma yake hubaki njia nyembamba isiyo na nyasi, inayopinda kama njia ya ng'ombe malishoni. Wavuvi na watafiti hutambua kwa njia hizo kwamba nguva amepita. Kwa siku moja nguva mzima huweza kula takriban kilo 30 za nyasi.

Mnyama huyo anapotea. Jike huzaa mtoto mmoja tu, baada ya mimba ya zaidi ya mwaka, na huweza kukaa miaka 3 hadi 7 kabla ya kuzaa tena. Nchini Kenya waliobaki ni wachache mno, na huonekana hasa katika bahari ya Lamu na Kiunga, na mara chache kuelekea Ghuba ya Ungwana. Mwezi Desemba mwaka 2022, IUCN iliwatangaza nguva wa pwani yote ya Afrika Mashariki kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ilikadiria kwamba waliokomaa hawafiki 250, wengi wao wakiwa Msumbiji.

Muuaji mkubwa wa nguva ni nyavu, hasa jarife, ambazo humnasa chini ya maji hadi akakosa pumzi. Hilo ni jukumu la kulitatua pamoja na wavuvi wa pwani. Lakini kuna tishio la pili, nalo halianzii pwani.

Maji ya Ndarugu yanakoenda

Mvua kubwa ikinyesha Kalimoni, Ndarugu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Watoto wa hapa wamezoea kuuona hivyo. Rangi ile ni udongo: wa shamba lililolimwa kufuata mteremko, wa barabara isiyo na mtaro, wa machimbo ya mawe, wa ploti iliyochimbwa msingi na kuachwa wazi.

Ndarugu humwaga maji yake katika mto Athi, kama ifanyavyo mito ya Ruiru na Thiririka. Athi huanguka katika maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, huteremka Ukambani na kukata mbuga ya Tsavo. Baada ya kupokea mto Tsavo huitwa Galana, na karibu na bahari huitwa Sabaki. Majini ni mto mmoja. Huingia Bahari Hindi kati ya Malindi na Mambrui, ukiwa umebeba mamilioni ya tani za udongo kwa mwaka. Upepo wa kaskazi husukuma tope hilo kusini, kuelekea Malindi na hifadhi yake ya bahari. Upepo wa kusi hulisukuma kaskazini, upande wa Ghuba ya Ungwana.

Mito ya Chania na Thika hufuata njia nyingine. Hiyo huingia Tana, na sehemu kubwa ya udongo wake hutuama katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na kula nafasi ya maji ya kuzalisha umeme. Stima zinazopotea wakati wa kuchagua maharagwe na udongo unaopotea shambani si mambo mawili yasiyojuana.

Habari za udongo wa Athi zimeandikwa baharini, ndani ya tumbawe. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama pete za mti. Mwaka 2007 watafiti walichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Walipima madini ya bariamu, ambayo husafiri na udongo na kuachiliwa unapoingia maji ya chumvi. Katika tabaka za miaka ya 1700 na 1800, kiwango kilikuwa cha chini. Kuanzia mapema katika karne ya 20, misitu ilipokatwa na ardhi ya bara kuanza kulimwa kwa wingi chini ya ukoloni, kiwango kilipanda, na hakikurudi kilipokuwa.

Sasa linakuja swali ambalo mtu makini atauliza. Ikiwa nguva hategemei macho, tope lina madhara gani kwake? Anaweza kupapasa ndani ya giza.

Ni kweli, anaweza. Tatizo ni kwamba nyasi haziwezi. Nyasi za baharini huishi kwa mwanga wa jua kama mahindi. Maji yakifungwa na tope kwa wiki nyingi, mwanga haufiki chini, na nyasi hufa. Tope likishuka juu yake, huzizika. Nguva atakuja mahali alipozoea, ataweka pua yake mchangani, naye hatagusa kitu.

Jambo hilo limekwisha kutokea na kuhesabiwa. Mapema mwaka 1992, mafuriko mawili na kimbunga viliikumba Hervey Bay, nchini Australia. Tope la mito lilifunika ghuba, na zaidi ya kilomita za mraba 1,000 za nyasi za baharini zikafa. Katika miezi iliyofuata ilipatikana mizoga 99 ya nguva, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Wengine walihama, baadhi wakifika mbali sana wakitafuta malisho. Hapakuwa na hitilafu yoyote katika midomo yao. Walipapasa kama walivyofundishwa na mama zao, lakini chakula hakikuwepo.

Kazi ya mashambani

Bila shaka Kalimoni peke yake haiwezi kuokoa nguva, wala haiwezi kulaumiwa peke yake. Athi hupokea udongo na uchafu wa kaunti nyingi. Lakini udongo unaofika Sabaki umetoka katika shamba fulani, na shamba hilo lina mwenyewe. Tena mwenye shamba ndiye hupata hasara ya kwanza. Kinachochukuliwa na maji ni tabaka la juu, lenye mbolea aliyoinunua kwa pesa zake na samadi aliyoibeba kwa mgongo wake. Udongo ukiondoka Kalimoni ni utajiri. Ukifika Malindi ni takataka.

Kazi yenyewe inajulikana. Kulima kwa kukata mteremko badala ya kuufuata. Kuchimba matuta ya fanya juu, ambayo majirani wa Machakos wameyatumia kwa miaka mingi kugeuza miinuko iliyokuwa imeharibika kuwa mashamba. Kupanda nyasi za napia ukingoni mwa matuta, ili zishike udongo na kulisha ng'ombe. Kutochoma mabaki ya mahindi, bali kuyaacha yafunike ardhi. Sheria za kilimo zinataka asilimia 10 ya shamba iwe na miti, na miti hiyo hufaa zaidi ikiwa upande wa bondeni.

Kwa anayejenga, lundo la mchanga au udongo lisikae kwenye mkondo wa maji, na msingi usiachwe wazi msimu wote wa mvua. Kwa mwenye machimbo, maji ya mvua yapitie shimo la kutuama kabla ya kuelekea mtoni. Kwa wote walio kando ya mto, kanuni za ubora wa maji zinakataza kulima na kujenga kwenye ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30, kulingana na upana wa mto. Ukanda huo ukiachiwa mianzi, matete na miti ya asili, hufanya kazi ya chujio. Pia ndipo fisi maji hulala mchana.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kuhifadhi udongo na maji. Kwa hiyo mwananchi anayetaka kupimiwa matuta ana haki ya kufika katika ofisi ya kilimo ya wadi na kuomba afisa wa nyanjani. Asione haya kuuliza, na asichoke kurudi.

Wanafunzi waliohudhuria wanaombwa kufanya jaribio moja wakati wa mvua. Chotea maji ya Ndarugu kwenye chupa inayopitisha mwanga, uiache mezani usiku kucha. Asubuhi, pima kwa rula tope lililotuama chini. Andika tarehe na kipimo. Rudia kila mvua kubwa, kwa mwaka mzima, kisha mwaka unaofuata. Ikiwa mashamba ya juu yamepata matuta na miti, kipimo hicho kitapungua, na mtoto atakuwa na ushahidi wa kumwonyesha mzazi wake.

Jioni ya leo, mahali fulani ukingoni mwa mto wa kaunti hii, huenda fisi maji ataingia majini, aweke mkono chini ya jiwe na kusubiri vidole vimwambie kama atakula. Na katika bahari ya Lamu, nguva atashuka chini akiwa na swali lile lile. Jibu la wote wawili limo katika udongo, na sehemu ya udongo huo iko mikononi mwa walioketi hapa.